Nyumba Anayoishi Mwenyewe

Usiku wa jana Wakesho aliota, na aliota kwa sababu alilala na swali. Mwenye njaa huota chakula. Mwenye swali huletewa watu wa kumjibu, na watu hao hawasemi wametoka wapi wala nani amewatuma.

Swali lenyewe lilianza jioni. Wakesho ndiye anayemjazia mumewe ritani ya ushuru kila mwaka, maana Mwadime akikaa mbele ya kompyuta hupiga miayo mpaka machozi yamtoke. Yeye humkabidhi mkewe fomu ya P9, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka mzima na yote yaliyokatwa, kisha huenda zake kutazama mpira. Na kwa kuwa wao ni Wakenya kama Wakenya wengine, kazi ya miezi sita walikuwa wameisukuma mpaka Juni, mwezi wa mwisho wa kuituma, inakata roho.

Mwadime ni mkaguzi wa mizani. Huzunguka masoko ya Voi, Mwatate na Taveta kuhakikisha kilo ya muuza nyama ni kilo kweli. Ni mtu anayeaminika. Alhamisi ni zamu ya Mwatate, na tangu mwaka jana mizani ya Mwatate imekuwa na maradhi yasiyokwisha, hata inambidi alale hukohuko ili aamke nayo asubuhi. Wakesho alikuwa amelisikia hilo na kulimeza bila maji.

Basi jana jioni, akinakili tarakimu kutoka kwenye P9, akafika kwenye safu ambayo miaka yote huwa tupu. Safari hii haikuwa tupu. Kichwa chake kilisema: riba ya mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe. Ilijazwa kuanzia Januari hadi Desemba.

Kwa wasiojua, sheria ina huruma kidogo kwa anayekopa benki kujipatia makao. Riba anayolipa huondolewa kwenye mshahara kabla ushuru haujapigwa, mpaka kikomo fulani, kwa sharti moja: nyumba iwe ile anayoishi mwenyewe. Isiwe ya kupangisha, wala ya shemeji. Na Wakesho na Mwadime wanaishi Voi, katika nyumba ya kupanga, na kila mwezi Wakesho ndiye anayempelekea mwenye nyumba kodi yake.

"Baba Mghoi," aliita. "Hii nyumba unayolipia riba ni ipi?"

Mwadime hakugeuka. "Hayo ni makosa ya watu wa ofisini. Wewe jaza tu."

Halafu akaongeza sauti ya televisheni. Mtu aliyeonewa na ofisi hupandwa na hasira, hutaja majina, huapa kwamba kesho kutawaka moto. Mwadime aliongeza sauti ya televisheni.

Wakesho akaikodolea macho skrini. Ama mume wake anaidanganya serikali, ama anamdanganya yeye. Mungu amsamehe, aliomba iwe serikali. Hakuituma ile ritani. Aliiacha ikiwa wazi, akaenda chumbani, akaurudisha mlango kwa kidole kimoja, maana mlango wao ni mwepesi kiasi hicho, na akalala.

Akajikuta yuko mezani kwake, anapakua chakula.

Wageni wamejaa. Yeye hamjui hata mmoja wao, ila wote wanajua sahani zinakokaa. Mlango unabishwa na anaingia bwana mmoja mnene, suti imembana, jasho linamtiririka. Anajitambulisha kuwa yeye ni Mshahara Ghafi wa Mwadime, na anauliza kama mke wa Mwadime yupo.

"Mimi ndiye," anasema Wakesho. "Karibu ukae."

"Nitakaa wapi, mama? Hawa wamenitangulia."

Hawa ni Makato. Mzee Pensheni ameketi kwenye kona, hali chochote. Kila tonge analopewa analifunga kwenye kitambaa na kulitia mfukoni, akisema atalila akifika miaka sitini. Pembeni yake, Bima anamshika Wakesho mkono na kumpima mapigo ya moyo bila kuombwa. "Yanaenda mbio," anasema. "Hilo hatulilipii." Na kila mmoja, akimaliza sahani yake, anamwinukia Mshahara Ghafi na kumkata kipande cha suti, kwa adabu, kama fundi cherehani.

Wakesho hakushangaa. Hayo aliyajua. Makato hula kwanza, mke hupata kilichobaki, na ndivyo ulimwengu ulivyo. Kilichomshangaza ni bibi mmoja aliyeketi mwisho wa meza, mnono, ametulia, anakula kuliko wote. Miguuni amevaa kandambili za Mwadime, zile za bluu zenye kamba iliyoungwa kwa waya, zilizopotea mwaka jana na Mwadime akasema zimeibwa na mbwa.

"Samahani, dada," Wakesho anasema. "Wewe sijakufahamu."

"Mimi ni Riba."

"Riba ya nini?"

"Ya nyumba anayoishi."

"Anaishi hapa."

Riba akaacha kutafuna. Akatazama dari, akatazama kalenda ya duka la mbegu iliyotundikwa ukutani, akatazama kochi lililokalika mpaka likabonyea upande wa Mwadime. Aliangalia kila kitu polepole, kama mtu anayesubiri gari mahali asipopajua.

"Hapa?" akauliza.

Mezani wote wakaacha kula. Hata Mzee Pensheni aliacha kufunga matonge. Wakesho akahisi aibu inampanda kutoka miguuni, na hakujua kwa nini aone aibu yeye, nyumbani kwake, huku mwiko ukiwa mkononi mwake.

Papo hapo akatokea mlangoni bibi kizee mwembamba, amebeba kisahani kilichofunikwa kitambaa. Huyu alikuwa Nafuu ya Kibinafsi. Alieleza, bila kuulizwa, kwamba yeye huja kila mwezi na shilingi elfu mbili na mia nne, haongezi na hapunguzi, na humpunguzia ushuru mtu yeyote mwenye kipato.

"Ukiwa na mke nakuja," alisema. "Ukiwa huna nakuja. Ukiwa nao wawili, nakuja vilevile."

"Umesema wawili?"

"Ni mfano tu, mama." Akaweka kisahani na kuondoka kinyumenyume, jambo ambalo Wakesho hakulipenda hata kidogo. Anayeondoka kinyumenyume ana kitu mgongoni.

Riba naye akasimama, akajifuta mdomo kwa kitambaa cha meza. "Mimi narudi nyumbani," akasema, na kandambili zikaanza kupiga kofi sakafuni, pa, pa, pa, kuelekea jikoni. Wakesho akamfuata. Mshahara Ghafi, ambaye sasa alikuwa mwembamba kama ufagio na suti imebaki kola, alimwita kwa sauti ya huzuni. "Mama, mimi sasa ndiye Mshahara Halisi. Hunisubiri?" Wakesho akamwambia akae, chai ipo kwenye chupa.

Ukumbi wa kwenda jikoni una hatua chache tu. Safari hii ulipita katikati ya mashamba ya mkonge, mistari kwa mistari, jua kali la mchana likipiga, na mbele kilionekana kibao cha Mwatate. Wakesho alijua kitakuwa cha Mwatate. Hata kabla ya kukisoma, alikijua.

Njia imezibwa kwa kamba. Nyuma ya kamba kuna askari mmoja, kofia imekaa sawasawa, na jina limeshonwa kifuani: Kikomo.

"Umebeba nini kwenye kikapu?" anauliza Kikomo.

Wakesho hakujua kwamba ana kikapu. Anakitazama. "Shuku," anasema.

"Zitoe nizione."

Anazitoa moja baada ya nyingine na kuzipanga barabarani. Ile ya simu inayolazwa kifudifudi. Ile ya sabuni mpya ya mwarobaini, anayonukia akirudi, ambayo nyumbani haipo. Ile ya mizani ya Mwatate. Ile ya sauti ya televisheni, bado ya moto. Na ile kongwe kupita zote: kwamba Mwadime, aliyekoroma tangu siku ya harusi yao mpaka majirani wakamzoea, ameacha kukoroma. Aliacha ghafla, mwaka jana, na sasa hulala kimya kama mgeni aliyelazwa sebuleni. Watu walimpongeza Wakesho kwa hilo. Yeye alikaa macho usiku akisikiliza.

"Hizi ni nyingi mno," anasema Kikomo. "Unaruhusiwa kupita na moja. Ilivyo kwa riba ndivyo ilivyo kwa shuku: kuna kiwango, na kinachozidi hakihesabiwi."

"Na hizi nyingine nizipeleke mwaka ujao?"

"Haziendi mwaka ujao. Ungezitumia wakati wake."

"Wakati wake nilikuwa navumilia."

Kikomo akatoa kijitabu, akapekua, akatikisa kichwa. "Uvumilivu hauko kwenye orodha ya yanayosamehewa. Una stakabadhi?"

"Ya uvumilivu?"

"Ndiyo."

Wakesho hakuwa nayo. Nani humpa mwanamke stakabadhi ya uvumilivu? Alitaka kugomba. Alitaka kumwambia huyu Kikomo kwamba angekuwa mtu wa maana angesimama mlangoni mwa Mwadime na si njiani mwa mkewe. Lakini bibi wa kandambili alikuwa anapotea mbele, na hasira zingemchelewesha. Akaichukua ile shuku ya mkoromo, akaacha nyingine zimelala barabarani. Kikomo akainua kamba, na tena kwa heshima.

Nyumba ilikuwa pale pale nyuma ya kamba. Ni nyumba ndogo, nzuri, kuta zimepakwa rangi ya krimu, mlango wa kijani. Riba amekwisha kuingia. Wakesho anabisha hodi, na hodi inaitikiwa na nyumba yenyewe.

"Karibu, mama. Sukuma."

Anasukuma. Mlango haufunguki.

"Umekwama," anasema.

"Haujakwama. Umevimba kwa mvua. Inua kitasa juu, halafu piga goti. Si bega, mama, bega litakuumiza. Goti, hapo chini."

Wakesho akainua kitasa juu, akapiga goti. Mlango ukafunguka taratibu, ukitoa sauti ya mtu anayekubali jambo asilolipenda.

"Nani alikufundisha hivyo?" akaiuliza nyumba.

"Mwenyewe hufungua hivyo. Kila akija."

Ndani kulikuwa safi mno. Kwenye meza ya sebule kulikuwa na mizani ya shaba yenye muhuri wa ukaguzi, na Wakesho, aliyekuwa ameishi na mambo ya mizani miaka yote ya ndoa, akaona hapa ndipo pa kupata ukweli. Akaiinamia. "Niambie, huyu mtu anaishi hapa?"

"Muhuri huu nimepigwa na yeye," ikajibu mizani. "Siwezi kumtolea ushahidi. Lakini kama una nyama, nitakupimia."

Ndipo aliposikia mkoromo.

Ulitoka chumbani. Ulipanda, ukakwama kooni, ukateremka kwa filimbi nyembamba mwishoni, na Wakesho akasimama palepale sebuleni kuusikiliza. Mtu anaweza kusahau uso wa mumewe kabla hajausahau mkoromo wake. Akaingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na chini ya blanketi, bila mtu, bila kichwa wala miguu, mkoromo ulikuwa umelala usingizi mzito.

"Sheria imesema aishi hapa mwenyewe," nyumba ikaeleza, kwa sauti ya karani mwema. "Naye hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Basi amehamisha kidogokidogo. Alianza na kandambili. Halafu mkoromo. Uchovu wa jioni uko kwenye kile kiti. Kicheko kiko jikoni."

"Kicheko kipi?"

"Sikiliza."

Wakesho anasikiliza. Kweli, jikoni kuna mtu anacheka. Ni kicheko cha Mwadime cha zamani, kile kinachoanzia tumboni na kuishia kwa kukohoa, alichokuwa akicheka wakati Mghoi anajifunza kutembea. Wakesho alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu hata alidhani kimekufa, kama vitu vinavyokufa watu wakizeeka. Kumbe kiko hai. Kiko hai na kina afya, jikoni kwa watu.

Alikwenda. Jikoni hapakuwa na mtu, kicheko tu kikizunguka juu ya jiko. Karibu na sinki vilikuwa vikombe viwili, vimeoshwa sasa hivi, bado vinadondosha maji. Kando yake, kipande cha sabuni ya mwarobaini.

"Anacheka na nani?" aliuliza.

"Mimi najibu maswali ya ushuru tu, mama."

Ilimuuma. Iliingia chini ya mbavu ikakaa. Akatandaza kanga yake akitaka kukifunga kile kicheko akibebe, akirudishe Voi, akiweke kwenye kochi upande uliobonyea. Kila alipokikaribia kilimpita begani.

"Acha, mama," nyumba ikasema, na sasa sauti yake ilikuwa na huruma, jambo lililozidi kumuudhi. "Hicho kimekwisha kudaiwa hapa. Sheria inaruhusu makao mamoja tu. Kitu hakidaiwi mara mbili."

"Na mimi je? Mimi nimewekwa safu gani?"

Nyumba ikafikiri. "Wewe uko kwenye nyumba ya kupanga. Hiyo haina safu."

Wakesho akatoka mbio. Alisukuma mlango wa jikoni na kuingia katika ukumbi mkubwa uliojaa watu wa kutuma ritani dakika za mwisho, maelfu, wote wamevua viatu na wanatembea kwa ncha za vidole. Katikati, juu ya benchi refu, amelala mtu mkubwa kama lori, mdomo wazi.

"Shh," mwanamume mmoja akamnong'oneza. "Mfumo wa ushuru umelala."

"Tangu lini?"

"Huwa unalala tukifika. Usipige kelele, mama, ukiamka vibaya tutaanza upya."

Lakini Wakesho alikuwa amechoka na kunong'ona. Mwaka mzima alikuwa amenong'ona, na alichokipata ni vikombe viwili vya watu. Akapenya umati, akaufikia ule mwili, akauinamia sikioni.

"Nataka kujua mume wangu anaishi wapi!"

Ukumbi mzima ukashika kichwa. Mfumo ukafungua jicho moja, kubwa, jekundu, lisilo na ubaya wala wema.

"Mimi ndiye ninayeuliza," ukasema. "Anaishi katika nyumba hiyo, au haishi? Ndiyo, au hapana. Hakuna nafasi ya maelezo."

Wakesho akafungua mdomo kujibu, akazinduka.

Kumekucha. Jogoo wa jirani alikwisha kuwika na kunyamaza, na mwanga wa Voi, ambao haujui kubisha hodi, ulikuwa umejaa dirishani. Upande wa Mwadime ulikuwa mtupu. Alisikia maji yakimwagika bafuni. Leo ni Alhamisi, na Alhamisi Mwadime huoga mapema.

Akakaa kitandani, akajitazama miguu. Haikuwa na vumbi la mkonge. Goti lake halikumuuma. Akajicheka kidogo, akajiambia kwamba mtu mzima kuamini ndoto ni kutafuta presha. Sabuni za mwarobaini zinauzwa kila duka. Watu huacha kukoroma. Ofisi hukosea, wizara nzima zimewahi kukosea, sembuse karani mmoja mwenye safu nyingi za kujaza. Alijisemea hivyo kwa upole, kama unavyombembeleza mtoto wa mtu mwingine, na alikuwa karibu kukubali. Atakunywa chai, atamwomba mumewe radhi kwa moyo wake mchafu, atamwambia akasahihishiwe P9.

Bafuni maji yalikatika. Hatua za Mwadime zikaja ukumbini, nzito, za mtu ambaye macho yameamka na akili bado. Zikasimama nje ya mlango wa chumba. Mlango ule ule mwepesi, ambao Wakesho aliurudisha jana kwa kidole kimoja.

Kitasa kikasogea. Hakikushuka. Kilipanda juu.

Halafu, chini, likagonga goti.

Mlango, ambao haujawahi kumzuia mtu, ulifyatuka ukapiga kabati kwa kishindo, na kioo cha kabati kikatetemeka. Mwadime akabaki kizingitini, taulo kiunoni, goti moja bado limeinuliwa, akautazama mlango kama mtu aliyesalimiwa na asiyemjua.

"Huu mlango una nini leo?" akauliza.

"Huu hauna kitu, Baba Mghoi," Wakesho akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotarajia. "Ule wa Mwatate ndio uliovimba kwa mvua."

Mume asiye na neno angeuliza Mwatate gani. Angecheka, angemshika mkewe paji la uso aone kama ana homa. Mwadime alishusha goti lake polepole mpaka mguu ukafika sakafuni.

"Nani amekuambia?" akasema.

Wakesho alishuka kitandani. Alijifunga kanga, akampita pale mlangoni bila kumgusa, akaenda sebuleni. Kompyuta ilikuwa bado wazi, na ritani imesimama pale pale alipoiacha, ikisubiri ithibitishwe kuhusu nyumba anayoishi mwenyewe. Akavuta kiti. Akasikia Mwadime akimwita kwa jina lake, Wakesho, si Mama Mghoi, jina ambalo alikuwa hajalitumia kwa miaka.

Akabonyeza ndiyo, akaituma. Serikali ilikuwa imeambiwa ukweli mwaka mzima.